Somo la Usalama Majini: Kabla Hujapanda Boti ya Matembezi Ziwa Victoria

Mwongozo kwa wakazi wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi mbali kidogo na maji. Yawezekana wewe ni mchimbaji wa Nyarugusu, mfanyabiashara wa Katoro, mwalimu wa Kahama au mkazi wa Shinyanga mjini, na unakwenda ziwani mara moja au mbili kwa mwaka pamoja na familia, wanafunzi au wanachama wenzako wa kikundi. Mvuvi wa Nkome huliona ziwa kila siku, naye hulisoma kama mkulima anavyolisoma wingu la vuli. Wewe huliona likiwa tulivu asubuhi ya sikukuu, na huna cha kulilinganisha nacho. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Ukimaliza somo hili utaweza: (1) kueleza kwa nini chombo kidogo hupinduka, (2) kukagua boti na jaketi okozi kabla ya kulipa nauli, (3) kuandaa karatasi ya safari na kuiacha nchi kavu, na (4) kujua la kufanya katika dakika za mwanzo za ajali.

1. Ziwa tunalolizungumzia

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na limegawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Lipo kwenye mwinuko wa meta 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni takriban meta 80. Kwa ukubwa wake, ziwa hili si la kina kirefu. Maji mapana yasiyo na kina kirefu yakipigwa na upepo hutoa mawimbi mafupi, yenye miinuko mikali, yanayofuatana haraka. Mawimbi ya namna hiyo huisumbua boti ndogo kuliko wimbi refu la bahari kuu, kwa kuwa chombo hakipati nafasi ya kutulia kabla wimbi jingine halijafika.

Wakazi wa ukanda wetu huenda zaidi katika maeneo machache yanayofahamika. Wapo wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977. Kutoka Kasenda, upande wa Chato, safari ya boti ni fupi, chini ya saa moja. Kutoka Nkome, upande wa Geita, huchukua takriban saa mbili. Wapo wanaokwenda Mwanza na kuvuka hadi Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, safari ya dakika chache tu kutoka mjini. Wengine hukodi boti mwaloni kwa ajili ya matembezi ya jioni, bila kwenda popote hasa.

Tangu Juni 19, 2025, msafiri wa Geita kwenda Mwanza hupita juu ya Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, badala ya kupanga foleni ya kivuko. Faida yake ni kubwa. Hata hivyo, tukumbuke kwamba watu wengi waliokuwa wakikanyaga sitaha ya kivuko kila wiki sasa hawakanyagi chombo chochote cha majini mpaka siku ya matembezi. Kwao, siku ya mapumziko ndiyo siku ya kwanza kukutana na maji baada ya miezi mingi.

2. Mafunzo ya mwaka 1996 na mwaka 2018

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Mamia ya watu walipoteza maisha. Kulikuwa na abiria waliobaki hai ndani ya chombo kilichopinduka, wakipumua hewa iliyonaswa ndani yake. Katika jitihada za kuwaokoa, sehemu ya chombo ilitobolewa. Hewa ile ikatoka, na meli ikazama kabisa.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Ilikuwa siku ya gulio, na kivuko kilikuwa kimejaa watu na mizigo. Siku mbili baadaye waokoaji walimtoa mhandisi wa kivuko hicho akiwa hai kutoka katika sehemu yenye hewa ndani ya chombo kilichopinduka.

Tunayataja matukio haya kwa heshima ya marehemu na kwa sababu yanafundisha mambo matatu yanayohusu hata boti ya watu 10. Kwanza, namba ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo ni mpaka wa uhai. Pili, hatari haikai katikati ya ziwa pekee. MV Nyerere ilipinduka nchi kavu ikiwa inaonekana kwa macho. Tatu, chombo kilichopinduka bado kinaweza kuwa na hewa na uhai ndani yake. Mtu asiye mtaalamu asikitoboe.

3. Kwa nini chombo hupinduka

Wachimbaji wadogo watalielewa jambo hili upesi. Katika duara, mwamba huzuiwa na matimba. Ukiondoa timba moja huenda duara lisianguke leo, lakini umepunguza nguvu iliyokuwa imelishikilia. Boti nayo ina nguvu inayoirudisha wima kila inapoegemea upande mmoja. Nguvu hiyo hupungua kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni uzito kuzidi. Kadiri chombo kinavyobeba zaidi ndivyo ukingo wake unavyosogea karibu na uso wa maji, hata wimbi dogo likaingia ndani. Maji yaliyoingia huwa mzigo unaotembea: chombo kikilala upande mmoja, nayo hukimbilia upande huohuo.

Njia ya pili ni uzito kuwa juu. Watu wakisimama, au mizigo ikipangwa juu ya paa, kitovu cha uzito hupanda na chombo huwa chepesi kuyumba. Ndiyo maana nahodha husema, “Kaeni chini.” Hasemi hivyo kwa kuwabana wateja wake.

Njia ya tatu ni uzito kuhama. Watu wote wakikimbilia ubavu mmoja ili kupiga picha ya kiboko, au wakisimama kwa pamoja kwa kuwa gati limekaribia, chombo kilichokuwa salama dakika moja iliyopita hulala.

Fanya hesabu ifuatayo. Chukulia boti iliyoruhusiwa kubeba watu 12, nahodha na msaidizi wake wakiwemo. Kikundi cha kuweka na kukopa kutoka Kahama kimefika na watu 16, spika, jenereta ndogo na makreti ya soda. Katika ukokotoaji wa uthabiti wa vyombo, uzito wa abiria mmoja huchukuliwa kuwa kilo 75.

Watu wote: 16 + 2 = 18
Waliozidi: 18 – 12 = 6
Uzito uliozidi: 6 × 75 = kilo 450
Ongeza mizigo, tuseme kilo 150: jumla ni kilo 600

Kilo 600 ni sawa na mifuko 12 ya saruji ya kilo 50. Hakuna kiongozi wa kikundi ambaye angekubali mifuko 12 ya saruji ipakiwe juu ya boti iliyokwisha kujaa. Lakini watu wanne “wa kuongezea” na spika moja hukubaliwa kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa binadamu haonekani kuwa mzigo. Jibu sahihi ni safari mbili, au boti mbili.

4. Hali ya hewa: saa ya kwenda na saa ya kurudi

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Pepo kutoka pande zote za ufuko huelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba za radi hujengeka juu ya maji. Kwa sababu hiyo dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku na alfajiri, na masalia yake huweza kuendelea hadi asubuhi. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu hupata joto, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawimbi huongezeka kadiri alasiri inavyosogea.

Kutokana na hali hiyo, mtembezi azingatie yafuatayo:

Msikilize mtabiri kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri na tahadhari kwa watumiaji wa maziwa. Usikilize jioni kabla ya safari na tena asubuhi ya safari. Kukiwa na tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, ahirisha safari.

Usiondoke gizani, wala usirudi gizani. Panga kuondoka baada ya asubuhi kutulia na mawingu kuonekana vizuri, na uwe umerudi mwaloni ifikapo saa 10 jioni. Boti isiyo na taa haionekani na vyombo vingine, na mtu aliyeanguka majini usiku ni vigumu mno kumpata.

Soma dalili. Wingu jeusi lenye kitako bapa, upepo wa baridi unaokuja ghafla baada ya joto, na mstari mweusi unaosogea juu ya maji ni dalili za dhoruba. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3. Sekunde 30 ni kilomita 10. Dhoruba iliyo umbali huo yaweza kukufikia kabla hujamaliza kubishana na wenzako. Mwombe nahodha aelekee ufuko ulio karibu zaidi, hata kama siyo mliotokea.

5. Ukaguzi wa mteja kabla ya kulipa

Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara upo chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Mkaguzi, hata hivyo, hawezi kuwapo katika kila mwalo kila asubuhi. Mteja ndiye jicho la mwisho. Usione haya kuuliza, kwa kuwa ulipaji wa nauli unakupa haki ya kujua unachokipanda.

Nyaraka. Omba kuona usajili na cheti cha ukaguzi wa chombo. Soma tarehe ya mwisho wa cheti na idadi ya watu walioruhusiwa. Linganisha namba iliyo kwenye cheti na ile iliyo ubavuni mwa boti.

Mwili wa chombo. Tazama sakafuni. Maji machache huwa ya kawaida katika boti ya mbao; maji yanayoongezeka ukiyatazama si ya kawaida. Angalia mbao zilizoachana na viraka vinavyovuja.

Vifaa. Boti iwe na makasia, nanga na kamba, ndoo ya kutolea maji, kizimamoto, tochi, na mafuta ya kutosha kwenda, kurudi na kubaki na akiba. Kanuni rahisi ni theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya dharura. Gugumaji likijisokota kwenye rafadha injini hukwama, na hapo ndipo kasia huwa na thamani kuliko injini.

Nahodha. Zungumza naye dakika mbili. Muulize atafanya nini upepo ukizidi na mtatua wapi. Ukisikia harufu ya pombe, safari imekwisha kabla haijaanza. Na abiria nao wasinywe: mlevi hasikii amri, hupoteza uwiano wa mwili, na huchoka upesi akiwa majini.

6. Jaketi okozi: ivae, usiikalie

Katika mgodi mkubwa hakuna mgeni anayeruhusiwa kupita lango bila kofia ngumu na viatu vya usalama, na hakuna anayeona kwamba ameaibishwa. Mtu huyohuyo akifika ziwani hukunja jaketi okozi na kuifanya mto wa kukalia. Boti hupinduka kwa sekunde chache. Jaketi ambayo haikuvaliwa kabla ya ajali haitavalika ndani ya maji yenye mawimbi na watu wanaoshikana.

Ikague kwa hatua nne. Tazama mshono na kitambaa. Kilichochanika kimekwisha kazi. Funga vifungo na mikanda yote, kisha ivute kwa nguvu. Hakikisha ina filimbi. Mwisho, mwambie mwenzako aishike mabegani na kuivuta juu: ikipanda hadi masikioni ni kubwa kuliko mwili wako, na majini itakuvuka.

Mtoto apewe jaketi ya mtoto, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto, naye akabaki chini yake. Kama mwenye boti hana jaketi ya kimo cha mwanao, mtoto huyo abaki nchi kavu na mzazi mmoja. Ni uamuzi mgumu mbele ya mtoto anayelia, lakini ni kilio kinachonyamazika.

Wapo wanaouliza kuhusu dumu. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri lina uwezo wa kueleza karibu kilo 19, na mtu anaweza kulishika likamsaidia. Liwemo botini kama nyongeza, si kama mbadala. Dumu halimgeuzi mtu aliyezimia akalala chali, wala halibaki mkononi mwa mtu aliyechoka.

7. Karatasi ya safari

Mchimbaji anaposhuka katika duara, yupo mtu juu anayejua kwamba ameshuka. Msafiri wa majini naye awe na mtu huyo. Andika karatasi yenye mambo yafuatayo, kisha mwachie ndugu yako nyumbani na nakala nyingine kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo unaoondokea:

– jina na namba ya usajili ya boti, na rangi yake;
– jina na simu ya nahodha;
– majina ya abiria wote, na umri wa watoto;
– mwalo wa kuondokea, kituo cha mwisho na njia itakayopitwa;
– saa ya kuondoka na saa ya kurudi;
– saa ambayo, msipoonekana, mtu huyo apige simu ya dharura.

Kipengele cha mwisho ndicho chenye uzito kuliko vyote. Bila saa iliyoandikwa, mwenye karatasi atajiambia, “Labda wamechelewa tu,” mpaka giza liingie. Namba za kupiga ni 112 kwa Polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Weka simu yako ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ikiwa imejaa chaji, na ukumbuke kwamba mbali na ufuko mtandao unaweza kukosekana.

8. Ajali ikitokea

Baki na chombo. Boti ya mbao iliyopinduka kwa kawaida bado huelea, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo; wengi huishiwa nguvu wakijaribu kuufikia.

Kusanyikeni. Shikaneni mikono, watoto wawe katikati. Hesabuni watu kwa sauti. Aliye peke yake akunje magoti kifuani ili atunze joto, kwani hata maji yanayoonekana ya uvuguvugu hupoza mwili kadiri saa zinavyopita.

Okoa kwa kurusha, si kwa kurukia. Mtu anayezama humkumbatia yeyote anayemfikia. Mrushie kamba, dumu au kasia kwanza.

Huduma ya kwanza. Aliyetolewa majini asininginizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu chake, mpulizie pumzi kupitia mdomoni, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 na kumpulizia pumzi 2. Endelea hivyo hadi msaada ufike. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali, hata akisema yu mzima.

9. Ukikataa kupanda

Msomaji wa somo hili siku moja atasimama mwaloni, nauli imekwisha kulipwa, wenzake wameketi, na boti imejaa kupita kiasi. Wengine watasema anaharibu sherehe. Katika hali hiyo elimu yote iliyotangulia hupimwa kwa neno moja: “Sipandi.” Mara nyingi mtu mmoja akishuka, wawili huthubutu kumfuata, na boti huwa imeokoka.

Baada ya hapo toa taarifa kwa BMU, Polisi au ofisi ya TASAC iliyo karibu. Eleza tarehe, saa, mwalo, jina na namba ya boti, idadi ya watu uliowahesabu na, ukiweza, piga picha. Taarifa yenye mambo hayo humwezesha mkaguzi kuchukua hatua. Malalamiko ya jumla hayamwonyeshi pa kuanzia.

Maswali ya kujipima

1. Boti imeruhusiwa watu 8, nahodha akiwemo. Kikundi chenu kina watu 10 bila nahodha. Kokotoa uzito uliozidi, na ueleze mtasafiri vipi.
2. Taja njia tatu zinazopunguza uthabiti wa chombo. Ni ipi inayoweza kutokea wakati wa kukaribia gati, na kiongozi wa kikundi aizuieje?
3. Umeona umeme, na ngurumo imesikika baada ya sekunde 15. Dhoruba ipo umbali gani? Utamwambia nini nahodha?
4. Andika karatasi ya safari ya familia yako. Ni nani utakayemwachia, na atapiga simu saa ngapi?

Majibu ya swali la 1 na la 3: watu 3 wamezidi, sawa na kilo 225, na safari iwe ya awamu mbili au boti mbili, dhoruba ipo umbali wa takriban kilomita 5, elekeeni ufuko wa karibu mara moja. Swali la 2 na la 4 yajadilini pamoja katika kikao cha maandalizi, kabla ya siku ya safari.

Kawia ufike.